Nyuso Saba za Kucheka

Nyumbani kwetu kila asubuhi ugomvi huanza kabla wali haujaiva. Mjukuu wangu, Naw Eh Say, msichana wa miaka kumi na miwili, hupuliza moto huku akiuliza maswali, nami huponda pilipili huku nikijifanya sisikii.

"Bibi, kwa nini sisi wasichana ndio tuvae gauni jeupe?"

"Ni desturi yetu Wakareni. Msichana ambaye hajaolewa huvaa nyeupe."

"Na maji anachota nani? Na tope linamrukia nani? Huyo aliyechagua nyeupe alikuwa anafua mwenyewe?"

"Chochea moto, mtoto wewe."

"Basi hakuwa anafua."

Ndivyo alivyo. Wazazi wake wanafanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini, ng'ambo ya mto, nami ndiye ninayemlea yeye na mdogo wake, Si Paw, naye msichana, wa miaka saba. Si Paw haulizi maswali. Yeye hucheka tu, na dada yake humlinda kama kuku mwenye kifaranga kimoja.

Mwaka huo, mvua zilipoanza, Si Paw alipata malaria mara mbili. Malaria ya kwetu ni ya kurudirudi. Unaitibu leo, inajificha ndani ya ini, kisha baada ya mwezi inarudi kama paka aliyefukuzwa jikoni. Ndipo akaja Tharamu Hser Gay kutoka kituo cha utafiti wa dawa, kule barabarani. Tharamu ndivyo tunavyomwita mwanamke anayefundisha au anayetibu. Alipanda ngazi za nyumba yetu, akavua viatu, akaketi mkekani.

"Bibi," aliniambia, "dawa tunayoijua ya kuzuia malaria isirudi inamezwa siku kumi na nne. Watu wanaichoka, wanaiacha katikati. Sasa tunajaribu dawa hiyo kwa siku saba, kwa kipimo kikubwa zaidi. Tunataka kujua kama itaponya bila kudhuru. Hatujajua bado, ndiyo maana tunafanya utafiti. Ukikataa, mtoto atatibiwa kama kawaida. Ukikubali leo, kesho unaweza kubadili nia."

Alinitaka niyarudie maneno yake kwa maneno yangu mwenyewe, nikayarudia. Alimtoboa Si Paw kidole, akapima damu, akasema damu yake inaonyesha kuwa itaivumilia dawa. Nikaandika jina langu kwenye karatasi, polepole, herufi moja moja. Kisha akanipa kadi. Kila siku ilikuwa na mstari wake wenye nyuso tatu: uso unaocheka, uso usiocheka wala kulia, na uso unaolia. Kila siku, baada ya mtoto kumeza kidonge, nitie alama kwenye uso unaofanana na hali yake.

"Akichoka kupita kawaida, macho yakiwa ya manjano, au mkojo ukiwa mweusi," alisema, "usimpe tena dawa. Nipigie simu mara moja."

Nilielewa. Naliandika hili wazi, asije mtu akasema bibi hakuelezwa.

Lakini kwetu, mgeni akikuletea kitu kwa mikono miwili, humwambii kwamba kina kasoro. Ni aibu kumtia mtu mashakani. Na Tharamu alikuwa amekula machipukizi ya mianzi jikoni kwangu, akaomba kuongezewa. Kwa hiyo alipoondoka tu nilichukua kalamu, nikatia alama kwenye uso unaocheka siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Nyuso saba, zote zinacheka. Nikaona nimetimiza adabu.

Eh Say alikuwa nyuma yangu. "Bibi, leo si ndiyo kwanza siku ya kwanza?"

"Nimempunguzia Tharamu kazi."

"Na Si Paw akitapika keshokutwa?"

"Hatatapika. Nenda kalishe nguruwe."

Wala sikuwa peke yangu. Mkuu wa kijiji, Mzee Ta Mla, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. "Kijiji chetu kisipeleke nyuso za kulia," alituambia. "Kituo kikichukia kitahamia kwingine. Mnataka turudi kubeba wagonjwa kwa machela?" Msimcheke. Mke wake alifia juu ya machela hiyo, kabla hawajaifikia barabara.

Siku ya tatu jioni Si Paw alilala mapema, hakutaka wali. Asubuhi ya siku ya nne Eh Say alikuja mbio kutoka chooni.

"Bibi! Mkojo wa Si Paw ni mweusi. Kama chai ya rangi."

Nilikumbuka maneno ya Tharamu, lakini mdomo wangu ukasema kitu kingine. "Ni jua la jana. Atakunywa maji."

"Midomo yake imekuwa myeupe. Amepanda ngazi akikaa njiani mara mbili."

"Watoto huchoka."

Nilitoa kidonge cha nne kwenye pakiti. Kabla hakijamfikia Si Paw, mkono wa Eh Say ulikwishakidaka.

"Rudisha."

"Sirudishi."

"Eh Say! Nani mkubwa humu ndani?"

"Wewe, Bibi. Lakini hapewi." Machozi yalikuwa yanamlenga, na ngumi ameikaza. "Nichape ukitaka. Hapewi."

Nilinyanyua mkono. Sikumchapa, lakini sikumsikiliza pia. Nilimwambia kwamba siku hiyo Tharamu anakuja kwa mkutano, kwamba kijiji kizima kitakuwapo, na kwamba akinitia aibu mbele ya watu nisimwone tena jikoni kwangu. Nilisema hivyo. Nilimlaza Si Paw kwenye mkeka, nikavaa blauzi yangu nzuri, nikaenda.

Mkutano ulifanyika chini ya paa la shule. Chai ilikuwa imeandaliwa kwenye vikombe, na tambuu kwenye sinia. Tharamu alikusanya kadi zetu, akazipitia harakaharaka, akatabasamu.

"Nyuso za kucheka tupu! Haya, wazee wangu, kuna tatizo lolote?"

"Hakunaaa!" tuliitikia sote, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Lipo."

Vichwa viligeuka. Eh Say alikuwa amesimama nyuma kabisa, gauni lake jeupe lina tope mpaka magotini, mikono ameificha mgongoni. Kwetu mtoto hasemi kwenye mkutano wa wakubwa.

"Kaa chini," alisema Mzee Ta Mla.

"Sikai, Mzee."

"Mdomo huo!" mwanamke mmoja alicheka. "Huyu hataolewa. Gauni jeupe litamzeekea mwilini!"

"Na linizeekee," alijibu Eh Say. "Tharamu, leo ni siku ya ngapi ya dawa ya Si Paw?"

"Ya nne."

"Tazama kadi ya Bibi. Imejazwa mpaka siku ya ngapi?"

Tharamu aliitafuta kadi yangu. Aliitazama. Niliona tabasamu lake likififia, nikatamani sakafu inimeze na tambuu yangu mdomoni.

"Mtoto amechezea kadi," alisema Mzee Ta Mla haraka. "Tharamu, hawa watoto wa siku hizi..."

"Sikuichezea! Basi kama mimi mwongo, hiki nacho kinadanganya?" Eh Say alipita katikati ya wakubwa bila hata kuinama, akaweka kichupa mkekani, karibu na vikombe. Kilikuwa kichupa cha sosi ya samaki, kimeoshwa, na ndani yake kitu cheusi.

Mzee Ta Mla alinyoosha mkono. "Kama ni chai, ungeileta kwa kikombe."

"Si chai, Mzee. Ni mkojo wa Si Paw."

Aliurudisha mkono kama aliyeshika kaa la moto. Wengine wakaangua kicheko, lakini Tharamu hakucheka. Alikiinua kichupa kwenye mwanga, kisha akanigeukia.

"Bibi, ni kweli?"

Kijiji kizima kilinitazama. Ningeweza kusema mjukuu wangu mwongo, na wote wangeniamini mimi, maana mimi ni mkubwa. Nilimtazama Eh Say. Hakuinamisha macho. Nikatema tambuu.

"Ni kweli," nilisema. "Nilijaza siku zote siku ile ile ulipoondoka. Na asubuhi hii nilitaka kumpa kidonge kingine. Huyu ndiye aliyeninyang'anya."

Tharamu alikwishasimama. Alikimbia mpaka nyumbani kwetu kwa soksi, viatu amevisahau shuleni. Alivuta chini kope za Si Paw, akaona weupe, akambeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Mpaka kituoni sikuthubutu kumtazama mtu. Eh Say alimpakata mdogo wake na kumwimbia wimbo wa kutwanga mpunga, kwa sauti ya ukali, kama anayemwamuru asilale.

Damu ya Si Paw ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Waliacha ile dawa, wakamwongezea damu, wakampa maji mengi. Daktari alitueleza kwamba watu wengine huzaliwa na damu isiyoivumilia dawa hiyo, nayo huvunjikavunjika. Kipimo huwatambua wengi wao. Lakini wapo wasichana wachache ambao sehemu ya damu yao inavumilia na sehemu haivumilii, na kipimo kile cha kidole kinaweza kuwapitisha.

"Angemeza na kile cha nne," daktari alisema, "na cha tano..."

Siku ya tano tukiwa kituoni Si Paw aliomba wali na samaki. Siku ya sita alicheka.

Tuliporudi kijijini tuliukuta mdomo wa kila mtu umefunguka. Mama mmoja alisema mwanawe alitapika dawa kila siku, naye alikuwa anatia alama za kucheka. Babu mmoja alisema kizunguzungu kilimwangusha shambani. Kituo kilisimamisha utafiti ule kwa muda, kikawapima upya watu wote wa kijiji chetu waliokuwamo, kwa mashine bora zaidi. Msichana mwingine alipatikana mwenye damu kama ya Si Paw, kabla hajaumia. Na kituo hakikuhama.

Kisha Tharamu akaitisha mkutano mwingine.

"Mzee Ta Mla," alianza, "ulihofia kwamba nyuso za kulia zitatufukuza. Mimi nazihitaji kuliko zile za kucheka. Mkiniambia dawa ni nzuri kwa sababu mnaniheshimu, nitakwenda kijiji cha pili na kuwapa watoto wa watu dawa hiyo hiyo, nikiamini moyoni kwamba ni salama. Watoto wale hawajawahi kula nami. Wataumia kwa ajili ya adabu yenu."

"Mtoto kanitia aibu," alisema Mzee Ta Mla. "Lakini nimepata kuona maiti moja ikishuka njia ile. Aibu naiweza." Hatukumdai zaidi.

Tharamu akasema kituo kinataka mtu wa kijiji wa kukaa kwenye baraza lao, mtu wa kuuliza maswali kabla utafiti wowote haujaanza.

"Mchukueni Eh Say," nilisema.

"Ana miaka kumi na miwili, Bibi. Sheria haituruhusu."

"Basi nitakaa mimi mpaka akue. Naweza kuanza sasa?"

"Anza, Bibi."

Nilisimama. "Watoto mlio hapa, nisikieni kwanza nyinyi. Nilimfundisha mjukuu wangu kwamba heshima ni kunyamaza. Nilikosea, na nusura kosa langu limzike mdogo wake. Mkubwa akikosea, mwambie. Mwambie kwa adabu ukiweza. Usipoweza, mwambie hivyo hivyo. Ukweli unaosemwa kwa sauti mbaya huponya, na uongo wa sauti nzuri unaua."

Kisha nikamgeukia mgeni wetu, niliyekuwa naogopa hata kumwambia hapana.

"Tharamu, kosa letu tumelikiri mbele ya kijiji. Sasa na lenu tulisikie. Mlikosea wapi?"

Mtu alinivuta sketi nikae, sikukaa. Tharamu aliinamisha kichwa, kisha akakiinua.

"Kadi ilikuwa mkononi mwangu," alisema. "Nilizitazama nyuso, sikuzihesabu siku. Na sikuuliza mtoto yuko wapi. Kuanzia sasa hatutapokea kadi bila kumwona mgonjwa mwenyewe."

Niliandika maneno yake kwenye daftari, polepole, herufi moja moja, na kijiji kizima kikanisubiri nimalize. Eh Say alikuwa ameketi miguuni pangu. Akaninong'oneza, "Bibi, na wale waliopimwa kwa kidole vijiji vingine, nani atawapima upya?"

Nikauliza.