Nati Imekaza, Mnara Unacheza

Mke wa seremala alikuwa dobi. Kila asubuhi alibeba ndoo kumi na mbili za maji kutoka bombani hadi uani, ndipo aanze kufua nguo za watu. Mgongo ulimuuma mpaka kuinama kukawa adhabu.

Mumewe akaamua kumjengea mnara wa chuma na kuweka tangi juu yake. Chini ya tangi pangekuwa na kivuli kizuri. Hapo mkewe angefulia, na mama mzazi wa seremala angekaa akikunja nguo.

Seremala alinunua vyuma vilivyokwisha kutobolewa. Bolti hakununua. Alikuwa nazo karakanani, zile ndefu anazoungia vitanda. Kila nati aliikaza mpaka spana ikagoma.

Siku ya tatu tangi tupu likapanda juu. Gari la maji lingefika saa nane mchana. Saa sita, mama wa seremala aliegemea mguu mmoja wa mnara. Tangi likatikisika.

"Mwanangu, kitu chako kinacheza ngoma," alisema.

"Upepo tu huo, mama."

"Upepo gani? Nguo kwenye kamba zimetulia tuli."

Mkewe hakucheka. "Baba watoto, chini ya hilo mimi sikai. Na mama hakai."

Akaenda kumwita jirani. Jirani huyo aliajiriwa kuunga madaraja ya chuma, na mtaani walimwita Mama Madaraja. Alikuja bado anatafuna.

"Shemeji, nasikia umetujengea bembea."

"Shika spana ukaze mwenyewe," seremala alisema. "Ukiisogeza nati hata kidogo, nivue kofia."

Mama Madaraja alijaribu. Nati haikusogea. Kisha akachana kipande cha karatasi, akakipenyeza kati ya vyuma viwili, pembeni mwa bolti. Karatasi iliingia na kutoka bila shida.

Seremala alikodoa macho. "Nati imekaza. Karatasi inapitaje?"

"Tazama bolti yako. Huku ina meno, huku shingo yake ni laini. Ukiunga mbao nene, mbao zinaifunika shingo yote. Vyuma hivi ni vyembamba. Nati imefika mwisho wa meno, ikagota kwenye shingo. Imeing'ang'ania bolti, lakini vyuma haijavibana."

"Basi nijaze pengo kwa washa. Tano tano."

"Acha masihara! Rundo la washa si dawa. Nunua bolti fupi za vyuma, unene uleule. Nati iwe saizi ya bolti hiyohiyo, na ianze kuingia kwa vidole. Chini ya nati weka washa moja. Hicho kibati cha duara kinasambaza nguvu, na nati haikwaruzi chuma unapoizungusha. Ukimaliza kukaza, meno mawili matatu ya bolti yachungulie nje ya nati."

Akainama. "Na tundu hili, nani kalipanua?"

Seremala akakohoa. "Halikulingana kidogo."

"Hapo nati itazama. Weka washa pana na nene, ilifunike tundu lote. Shemeji, lita elfu moja za maji ni tani moja. Unaitundika juu ya nani?"

Seremala alimtazama mkewe. "Lakini gari liko njiani. Kesho utabeba ndoo tena."

"Nimebeba miaka tisa. Siku mbili zaidi zitaniua?"

Seremala akapiga simu, akaliahirisha gari. Wakateremsha tangi. Kesho yake alibadilisha bolti moja baada ya nyingine, akiwa na washa na nati zake. Kwanza alizikaza zote kwa wastani, kisha akarudia kuzikaza barabara. Kila kiungo alikijaribu kwa karatasi. Haikupenya popote.

Siku iliyofuata tangi likarudishwa juu, maji yakamiminwa. Tangi lilijaa pomoni. Mama Madaraja alisukuma mnara kwa bega, na mnara haukutikisika. Seremala alivua kofia bila kuambiwa.

Mkewe aliburuta beseni lake hadi kivulini, akafungua koki. Maji yakaja kwa kishindo. Akamwangalia mumewe juu hadi chini, kisha akanyoosha mkono.

"Vua na shati, fundi. Naanza na lako. Limejaa kutu mpaka kwenye kola."