Mkwe Alinikuta Nikicheza

Nilikuwa nauza omena, wale dagaa wadogo, mtaani Laini Saba, kando ya reli. Wateja wananiita Mama Nasike. Asubuhi moja mwaka wa 1998, mguu wangu wa kushoto ulikataa kuinuka. Mdomo ulienda upande. Hospitalini daktari alisema ni kiharusi, na kilichokileta ni presha.

Nilirudi nyumbani na dawa za presha, na aibu. Binti yangu Nasike ameolewa Kawangware. Kila siku alikuja mapema kunipeleka chooni. Mtoto niliyemzaa ananishika kwapa, na majirani wa ploti nzima wanatazama! Nilimwambia wateja wakiniulizia, aseme nimeenda Bungoma.

Mteja wangu mmoja, Jael, hakudanganyika. Yeye ni mhudumu wa mazoezi ya viungo katika kliniki moja huko Ayany.

"Mama Nasike, mguu haujafa," alisema. "Ubongo ndio uliumia. Mguu ukirudia kazi mara nyingi, ubongo unajifunza tena."

"Mara ngapi?"

"Mamia, kila siku."

Nilijaribu. Nikifika kumi, nachoka, nalala.

Basi Jael akanipeleka kliniki. Kulikuwa na televisheni, na mkeka wa mpira uliounganishwa na mashine ya gemu. Ukikanyaga mkeka, mtu mdogo kwenye televisheni anakimbia. Ukiinua mguu, anaruka shimo. Mwanzo nilikanyaga nikiwa nimekaa. Baadaye nilisimama, nikashika chuma cha ukutani, Jael akiwa nyuma yangu.

"Mambo ya watoto haya," nilinung'unika.

Lakini yule mtu alipotumbukia shimoni, nilikasirika, nikaanza upya. Siku hiyo Jael alihesabu hatua mia mbili. Mimi hata sikuwa na habari.

Wiki ya nne, picha ilianza kutikisika. Jael akaita fundi. Mimi niliendelea kucheza. Mlango ukafunguka, akaingia fundi mwenyewe: Isaac, mume wa Nasike.

Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mikono. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Na mimi hapo niko miguu mitupu, sketi nimeikunja hadi magotini, namfokea yule mtu wa kwenye televisheni, "Ruka, mjinga wewe!"

Isaac alitazama sakafu, akatoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sikurudi tena. Kwa wiki tatu nilikaa tu kitandani, na mguu ukakakamaa. Kisha nikaanguka mlangoni pa choo. Nasike aliumia mgongo akiniinua.

Jael alikuja jioni hiyo. "Si nilikuambia? Mguu ukiachwa, unasahau."

"Wacha usahau. Mkwe wangu ameniona vile!"

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Hata sisi Wajaluo tunaheshimu mkwe," alisema. "Isaac atakuwa anatengeneza TV Jumamosi. Wewe utakuja siku zingine. Na utavaa suruali na viatu vya raba, usiteleze."

Bado nilitikisa kichwa. Aibu haisikii maneno matamu.

Nasike alikuwa ameegemea ukuta, ameshika mgongo. "Mum," alisema polepole, "huu mgongo ukinilaza, nani atakupeleka choo? Si amebaki Isaac tu?"

Isaac? Anishike kwapa hadi chooni?

"Jael," nilisema, "kesho mnafungua saa ngapi?"

Nilienda mara tatu kwa wiki. Siku zingine nilikanyaga chini hapa nyumbani, nikiwa nimeshika kitanda. Dawa za presha sikuruka hata siku moja, kwa sababu Jael alisema presha ikipanda tena, kiharusi kinaweza kurudi. Aibu haikuisha mara moja. Wazee wenzangu walinicheka mlangoni pa kliniki, na wawili kati yao sasa wanagombania mkeka na mimi.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Nasike alifika, akakuta kitanda kitupu.

"Mum!" alipiga kelele ploti nzima. "Mum, uko wapi?"

"Niko choo," nilijibu. "Na usifungue mlango!"