Sauti Haikai Kwenye Laini

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, Mama Pima alisikiliza sauti ya mumewe. Mume alikuwa amefariki miezi minane iliyopita. Sauti yake ilibaki kwenye simu. Haikusema maneno matamu. Ilisema, "Kifua, arobaini na mbili. Kiuno, thelathini na nne. Usikaze, huyu mama anapenda kula vizuri."

Mama Pima lilikuwa jina la utani, lakini aliyepima hasa alikuwa mumewe. Mkewe alikata na kushona. Kazi waliifanyia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, na kioo kirefu ukutani. Zamani vipimo vya wateja waliviandika kwenye daftari. Siku moja paa likavuja, daftari likalowa, wino ukachanganyika. Mke wa mchinja nyama akashonewa gauni lisilopita mabegani, na mtaa mzima ukacheka wiki nzima. Baada ya hapo mume akasema daftari basi. Akawa anashika utepe na kutaja vipimo kwa sauti, na mkewe anarekodi kwenye simu. Wateja tisini na kitu walikuwa humo, kila mmoja na vipimo vyake, kila mmoja na mzaha wake.

Mume alipofariki, Mama Pima hakumpima mtu tena. Mteja akija, alifungua simu, akasikiliza, akakata kitambaa. Binti yake alikuwa mwoka mikate, na alirudi nyumbani kila siku saa nane mchana. Alimkumbusha mama yake mara nyingi kwamba watu hunenepa na kukonda. Gauni la mwalimu mmoja lilikuwa limembana hadi akashindwa kuinua mkono kuandika ubaoni. Mama aliongeza inchi mbili kwa kukisia, akaendelea. Si kwamba hakuijua kazi. Aliona kwamba akipima upya, atakuwa amemstaafisha mumewe, na moyo wake haukuwa tayari.

Simu yenyewe ilikuwa imechoka. Ilikuwa na miaka sita. Ilizima hata kama ilionyesha chaji nusu. Betri ilivimba mpaka ikainua mfuniko wa nyuma, na mama akaufunga kwa mpira wa kushonea viuno vya sketi.

Jirani yao wa upande wa kushoto alikuwa fundi simu. Walimwita Miwani, kwa sababu alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo Mama Pima alimwita shemeji. Siku alipouona ule mpira hakucheka.

"Shemeji, betri ikivimba inaweza kushika moto," alisema. "Usiichaji ukiwa umelala. Usiibonyeze wala kuitoboa. Ukitaka kubadilisha simu, nipitie kwanza, tuhamishe vitu vyako."

Mama Pima alisema ndiyo. Ilikuwa ile ndiyo ya kumwondoa mtu mlangoni. Aliona aibu. Miwani angeifungua simu na kusikia yaliyomo, na angejua kwamba mtu mzima mwenye akili zake hukaa kila asubuhi na sauti ya marehemu. Akaamua kwenda dukani peke yake, binti akiwa kazini.

Duka lilikuwa karibu na kituo cha mabasi. Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati lililonyooka na mdomo mwepesi. Alimwita "mama yangu" kabla hajamwuliza shida yake. Alimwonyesha simu yenye kioo kipana na kamera nne nyuma. Kibandiko kwenye boksi kilisema ina nafasi kubwa ya kuhifadhi. Kisha akasema angempunguzia bei kama angemwachia ile ya zamani.

Mama Pima aliifikiria ile betri. Akafikiria pia jambo moja ambalo alikuwa na uhakika nalo. Miaka mingi nyuma alimwona mumewe akitoa laini kwenye simu ndogo ya vibonyezo na kuiweka kwenye nyingine. Majina ya watu wote yalitokea pale pale. Tangu siku hiyo aliamini kwamba mali yote ya simu hukaa kwenye laini, na simu ni kasha tu. Basi akachomoa laini, akaifunga kwenye kipande cha kitambaa, akakitia ndani ya pochi. Simu ya zamani akamkabidhi kijana, pamoja na pesa.

Aliuliza risiti. Kijana alimwambia asiwe na wasiwasi, yeye yupo pale kila siku.

Nyumbani aliweka laini kwenye simu mpya, akaenda mahali pa kurekodi. Palikuwa patupu. Alizima na kuwasha mara tatu. Alitoa laini, akaipangusa kwa pindo la nguo yake, akairudisha. Patupu vile vile.

Binti aliporudi alimkuta mama yake ameketi na mkasi mapajani, kitambaa hakijakatwa. Alipoiona simu ngeni mezani, aliuliza kama ameibiwa ile ya zamani.

"Sikuibiwa," mama alisema. "Niliitoa mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

Kisha alilia, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kupikia na kuwapa viti. Sasa alikuwa na binti yake tu, na binti hakujua ashike nini.

Walikwenda kwa Miwani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akashusha miwani ya pili.

"Shemeji, laini ni kama namba ya nyumba," alisema. "Inawaambia watu wakupate wapi. Ikizidi sana inabeba majina machache. Vyombo vya ndani havikai kwenye namba. Picha, sauti, ujumbe, vyote hukaa ndani ya simu yenyewe. Au vinakaa kwenye kadi ya kuhifadhia, kama umeiweka. Au kwenye akaunti yako, kama umewasha nakala. Wewe uliwasha?"

Hakuwa ameiwasha. Hakuwa amejua kwamba kuna kitu cha kuwasha.

Miwani akaichukua ile simu mpya. Akabonyeza *#06#, ikaja namba ndefu kwenye kioo. Ile ni namba ya utambulisho, kila simu ina yake. Akailinganisha na namba ya kwenye boksi. Hazikufanana. Akatazama nafasi ya kuhifadhi. Ilikuwa ndogo kuliko ya simu iliyoachwa dukani. Kati ya kamera nne, moja tu ilipiga picha. Nyingine tatu zilikuwa vioo vya kupendezesha. Mama Pima alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenye kamera nne.

Wakaenda dukani jioni ile ile. Mama Pima hakutaka fidia wala ugomvi. Alitaka simu yake. Kijana akaitoa chini ya kaunta, na kwa dakika moja mama akapumua. Lakini betri ilikuwa imetolewa, na kijana akasema, bila ubaya wowote, kwamba ameshaifuta. Alikuwa ameirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Alifanya hivyo kwa kila simu anayopokea.

Miwani aliichukua simu ile, akakaa nayo kwenye kibanda chake siku mbili. Aliifungia betri nyingine, akajaribu kila njia aliyoijua. Siku ya tatu akaja mwenyewe nyumbani kwa Mama Pima. Hakuketi.

"Imefutika yote, shemeji. Sitakupa matumaini ya uongo."

Binti akasema yule kijana wa dukani ni mshenzi. Miwani akatikisa kichwa. Kwa ile simu bandia, kweli alikuwa mwongo. Lakini kwa kufuta hakukosea. Simu ikitoka mikononi mwako lazima ifutwe, la sivyo mtu mwingine atasoma siri zako na kupiga simu kwa jina lako. Kosa ni mpangilio. Kwanza unahamisha. Pili unahakikisha kwamba vyote vimefika, unavifungua na kuvisikiliza. Mwisho ndipo unafuta, na unafuta mwenyewe.

Alilisema lile taratibu, akijua kwamba limechelewa. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa ameketi mbele yao.

Kuhusu simu bandia, kijana alirudisha pesa. Miwani alimwonyesha zile namba mbili zisizofanana mbele ya wateja wengine waliokuwa wanachagua simu, na kijana akaona heri amalize jambo mapema. Baadaye wakaenda watatu kwenye duka jingine, lenye mafundi wake na lenye kutoa risiti. Mama Pima hakuwa na hamu. Alitembea nyuma yao kama mtu anayesindikizwa hospitali.

Pale Miwani hakumwuliza anataka simu gani. Alimwuliza anaifanyia nini. Akajibu kwa unyonge: kupiga na kupokea, kurekodi vipimo, kupiga picha za nguo.

"Basi hulipii kamera nne," Miwani alisema. "Lipia betri ya kukaa kutwa nzima na nafasi ya kutosha. Na usichukue toleo la zamani sana, hata kama ni jipya kwenye boksi."

Binti akauliza, "Baba mdogo, kwa nini?" Akamweleza kwamba watengenezaji hutuma marekebisho ya kuilinda simu dhidi ya wezi wa mitandaoni. Simu ikizeeka, hayaji tena. Kwa hiyo uliza yatakuja kwa miaka mingapi. Uliza pia kama kioo na betri zake zinapatikana kwa mafundi wa karibu.

Wakachagua simu ya kawaida, isiyong'aa sana. Kabla ya kulipa, binti aliweka laini na kupiga simu. Alirekodi sauti na kuisikiliza. Aliichomeka kwenye chaja akaona inaingiza. Alilinganisha namba ya utambulisho ya kwenye kioo na ya kwenye boksi, na muuzaji akaiandika ile ile kwenye risiti, pamoja na muda wa dhamana. Mambo yote hayo yalichukua chini ya nusu saa. Mama Pima alihesabu dakika zile, akazilinganisha na alichopoteza, na akaona uchungu upya.

Nyumbani Miwani alimfundisha kuweka namba ya siri, kisha kuwasha nakala. Kila sauti aliyorekodi ingehifadhiwa pia kwenye akaunti yake, nje ya simu. Simu ikiibiwa au ikitumbukia kwenye ndoo ya maji, sauti itabaki. Neno la siri la akaunti Mama Pima aliliandika mwenyewe kwenye karatasi, polepole, na kulificha sandukuni. Ile betri iliyovimba, ambayo kijana aliirudisha pamoja na simu ya zamani, Miwani hakuitupa jaani wala motoni. Aliipeleka kwa watu wanaokusanya betri mbovu.

Ikabaki kazi aliyoikwepa miezi minane. Wateja tisini na kitu walipaswa kupimwa upya. Binti alishika utepe baada ya kutoka kazini, akataja, mama akarekodi. Binti hakuwa na mizaha ya baba yake. Alitaja namba tu, wazi na kwa usahihi. Nguo zikaanza kukaa vizuri miilini. Mwalimu aliinua mkono mbele ya kioo, juu kabisa, akaagiza gauni la pili. Kazi iliongezeka. Mama Pima alifurahi kwa kiasi chake, kwa sababu ugali ni ugali hata kwa mwenye msiba.

Kwa kila mteja aliuliza swali moja: je, marehemu aliwahi kukutumia ujumbe wa sauti? Wengi walikuwa wamefuta. Wengine walibadilisha simu na hawakuhamisha kitu, kama yeye. Mmoja alisema alikuwa nao mpaka mwezi uliopita, na Mama Pima ilimbidi aingie chumba cha ndani kidogo.

Wa sabini na tatu alikuwa mke wa mchinja nyama. Yeye alikuwa nao. Mwaka uliotangulia alikuwa safarini, akaagiza nguo kwa simu, na marehemu akamtumia sauti kuuliza. Ilikuwa fupi sana. Kabla ya kuisikiliza, Mama Pima alimwomba amtumie. Akaihifadhi kwenye simu. Akahakikisha imefika kwenye akaunti. Akamtumia na binti yake. Ndipo akakaa kwenye kiti cha cherehani na kuifungua.

"Mama, kiuno chako nina thelathini na mbili hapa. Au nimekosea? Nijibu, nikate kitambaa."

Mke wa mchinja nyama alikuwa amesimama mikono imeinuliwa, na binti alikuwa tayari amemzungushia utepe. Alitazama namba iliyokuwa chini ya kidole chake, akasita, kisha akaitaja kwa sauti ndogo. Thelathini na saba.

Mama Pima aliitazama simu mkononi mwake.

"Hukukosea, baba," alisema. "Siku ile ilikuwa thelathini na mbili."

Kisha akabonyeza mahali pa kurekodi, akamwambia binti arudie namba, sasa kwa sauti kubwa kidogo.