Nyumba Isiyo na Athi

"Mama, nimemaliza. Na sitakuficha, hii nyumba haina athi."

Bi Mgeni alikuwa ameshika sahani ya kaimati. Hakuiweka mezani wala hakuirudisha jikoni, alisimama nayo tu katikati ya sebule.

"Haina nini?"

"Athi. Nimeangalia kila chumba. Haina kabisa."

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwaka wa sabini na mbili, ghorofa ya pili ya nyumba ya kupanga huko Parklands. Aliyesema hivyo ni Kanini binti Kivuva, msichana wa miaka ishirini na minne, ovaroli la buluu mwilini na penseli sikioni. Kazi yake na baba yake ilikuwa kupima vyombo vya umeme katika maduka ya mjini na nyumba za kupangisha. Pasi, birika, jiko, feni. Kizima walikiandikia cheti, kibovu walikikata plagi papo hapo ili mtu asijaribu kukitumia tena. Mzee Kivuva alijifunza ufundi huo alipokuwa kazini relini, lakini macho yake yalikuwa hayasomi tena mshale wa kipimo, ndipo binti akaingia kazini. Watu walicheka mwanzoni. Walipoona anavyofanya kazi, wakanyamaza.

Athi nayo ni waya wa tatu, ule wa kijani, unaoteremka mpaka ardhini ili stima ikitoroka ipite huko badala ya kupita kwa mtu. Jina lenyewe ni la Kizungu, earth, mafundi wa River Road walilitafuna mpaka likawa lao. Kinywani mwa Kanini, aliyelelewa kwa Kikamba, lilikuwa limetafunwa zaidi.

Mwenye nyumba, Bwana Kihara, ndiye aliyewaita, baada ya mpangaji wa jengo la jirani kurushwa na pasi. Kanini alipoona orodha ya nyumba aliisoma mara mbili. Namba nne ilikuwa ya Hemed. Hemed muuza kanga wa Biashara Street, aliyempenda tangu siku alipokwenda kupima feni ya duka lake na kumkuta ameifunga kwa kamba ya mkonge. Bi Mgeni ndiye mama mkubwa aliyemlea Hemed, na Jumapili ile Kanini alikuwa amealikwa kula kwake, aonwe. Kazi ikatangulia mwaliko. Kanini alijitambulisha mlangoni bila kuficha, akatoa shikamoo, akapokewa vizuri, kaimati zikaingia kikaangoni. Mpaka hapo mambo yalikuwa matamu.

"Tangu lini?" Bi Mgeni aliuliza polepole.

"Tangu ijengwe, nafikiri. Nyumba nyingi za zamani ziko hivyo. Usione haya, mama."

"Nisione haya."

"Si makosa yako. Umeishi tu bila kujua."

"Na Hemed wangu, yeye anajua?"

"Hemed hajui hizi vitu. Lakini nitamwambia. Hawezi kuleta bibi kwa nyumba kama hii."

Bi Mgeni aliishika sahani kwa mikono miwili.

"Basi nani atatuletea?"

"Mimi na baba, Ijumaa asubuhi. Ni kazi ya nusu siku tu."

"Nusu siku," alisema Bi Mgeni. "Mimi nimeitafuta miaka arobaini."

Kanini hakuelewa, akatabasamu tu kwa heshima. Akakata plagi ya birika na plagi ya pasi, akaandika fomu ya Bwana Kihara, akaaga. Sahani ya kaimati ilikuwa imerudi jikoni. Alidhani labda pwani hawali na mtu aliyekuja kazini.

Kesho yake, saa nne, Nanjala mshonaji alimwita kutoka chini. Simu ilikuwa ya Nanjala, na karakana ya Kivuva ilikuwa juu ya duka lake, kwa hiyo hakuna siri iliyopanda ngazi zile bila Nanjala kuijua.

"Kanini, simu. Ni yule wako. Lakini leo sauti imenuna."

Kanini alishuka mbio.

"Hemed?"

"Umemwambia nini mama?"

"Nimemwambia vile nimeona."

"Hivyo ndivyo ulivyoona?"

"Sasa ungetaka nidanganye? Nimeandika hata kwa fomu ya mwenye nyumba."

Hemed akasema, sauti imeshuka:

"Umeandika. Kihara asome."

"Lazima asome, ndiye analipa. Nyumba zote sita ziko hivyo, Hemed, si yenu peke yenu."

"Kumbe sote tuliomo humo. Kanini, mama hajala tangu jana. Mimi nilikuwa nikuoe."

"Ulikuwa?"

"Jumapili usije. Kesho kutwa anapanda gari moshi kwenda Mombasa, kumaliza maneno na mamake Waridi."

Waridi alikuwa binamu yake Hemed, aliyetajwa nyumbani kwao kila Idi kuwa ndiye mchumba anayemfaa, tangu akiwa na miaka kumi na saba. Kanini alilijua jina hilo, Hemed mwenyewe alikuwa akilitaja kwa kicheko. Leo hakucheka.

"Hemed, ni kwa sababu ya ovaroli? Mama yako hataki mke anayefanya kazi ya fundi?"

"Laiti ingekuwa ovaroli," alisema Hemed, akakata.

Kanini alirudisha mkono wa simu mahali pake. Nanjala alijifanya anatafuta sindano. Msichana wa watu akapanda ngazi, akaketi juu ya sanduku la waya, akalia kwa kwikwi hata baba yake akaacha kazi.

"Amekukataa?" aliuliza Mzee Kivuva.

"Amenikataa, baba. Na sijui kosa langu."

Mzee alimpa leso yake yenye madoa ya grisi. Alikaa karibu naye kitambo, akimpapasa bega.

"Kesho nitakwenda namba nne peke yangu," alisema.

"Macho yako hayaoni pa kufungia."

"Nitapapasa."

"Hapana. Ile nyumba iko na hatari. Mifereji yote inavuja stima, yule mama akishika bomba na mikono iko na maji anaweza kufa. Kunikataa anikatae, lakini asife."

Ijumaa saa mbili asubuhi Kanini alibisha mlango wa namba nne. Baba yake alibaki chini, anachimba shimo kando ya ukuta. Bi Mgeni alifungua akiwa amejitanda kanga mpaka puani, na nyuma yake sanduku la safari lilikuwa limekwisha kufungwa.

"Umerudi."

"Nilisema Ijumaa, mama."

"Umekuja kuniletea hadhi?"

"Ndiyo, mama. Iko hapa."

"Hapo wapi?"

Kanini alitua mfuko. Akatoa roli la waya wa kijani, akaliweka sakafuni mbele ya miguu ya Bi Mgeni.

"Hii ni nini?"

"Athi."

"Huu waya?"

"Huu waya. Unatoka hapa jikoni, unateremka nje, unafungwa kwa ile chuma baba anazika. Birika ikiharibika, stima inashuka ardhini. Haikushiki."

Bi Mgeni aliutazama waya. Akamtazama Kanini. Akautazama waya tena.

"Mwanangu, hebu litamke tena. Taratibu."

"Athi."

Hapo mwanamke yule alijishika kichwa. Wakamba, msomaji, wana th yao laini, inakaa pale pale inapokaa dh ya Waswahili, na h ya mbele hawana habari nayo. Kanini alisema athi, sikio la Mombasa likasikia adhi, na Bi Mgeni, kwa wema wake, akairudisha ile h aliyodhani imedondoka. Ndivyo waya ulivyogeuka hadhi.

"Mimi nilisikia nyumba yangu haina hadhi," alisema. "Tena umeniambia nisione haya. Tena Hemed hawezi kuleta mke humu."

Kanini alikaa chini pale pale sakafuni.

"Mama, na ukaniacha niende? Hukunichapa?"

"Nilitaka. Nikaona una makasi mkononi."

Wakacheka. Bi Mgeni alicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Akaketi chini naye, kanga na yote.

"Unajua kwa nini liliniuma? Nilipoolewa na marehemu Mabruki, mamake alisema mbele za watu, 'Huyu hana kabila, hana hadhi.' Kwetu tulikuwa watu wa kuja. Miaka arobaini neno hilo sijalisikia kwa kinywa cha mtu. Juzi nikalisikia kwa mkwe wangu mtarajiwa, tena kwa sauti ya upole. Upole ndio ulionimaliza."

"Pole, mama. Singesema hivyo. Hata kwa adui."

"Sasa najua. Ngoja."

Alishuka kwa jirani mwenye simu. Kanini alimsikia kutoka ngazini, maana Bi Mgeni aliamini simu haivuki barabara bila kupigiwa kelele.

"Hemed? Funga duka uje. Hapana, siumwi. Hadhi imeletwa, ni waya. Nimesema waya. Njoo uone mwenyewe kwa macho yako."

Hemed alifika kabla ya swala ya Ijumaa, kanzu imelowa jasho mgongoni. Mama yake alimweleza kwa maneno matatu, akamsukuma nje. Kanini alikuwa kando ya ukuta, amepiga magoti, anakaza skrubu kwenye chuma. Mzee Kivuva alimwona kijana, akakumbuka ghafla kwamba kuna kitu amesahau juu.

"Kanini."

Aliendelea kukaza.

"Kanini, nimekosa."

"Shika hapa," alisema, akimpa ncha ya waya. Akashika. Kanini akakaza skrubu ya pili, kisha akakaa akamtazama. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama yako simlaumu. Alinisikia siku moja tu. Wewe umenisikia mwaka mzima, Hemed. Kila siku athi, athi, athi. Hata duka lako nililiwekea."

"Najua."

"Sasa ilikuwaje?"

Hemed alichuchumaa, kanzu ikagusa udongo.

"Mama alikuwa analia. Sijamwona akilia tangu mzee afe. Nikaona machozi, akili ikaruka. Sikuwaza neno, niliwaza machozi."

"Na mimi nililia. Hukuona, kwa sababu ulikata simu."

"Sema unalotaka nifanye."

"Sitaki ufanye. Nataka kujua kitu moja. Kesho tukiishi pamoja, watu wa kwetu watasema kitu, watu wa kwenu watasema kitu. Mimi wa kanisa, wewe wa msikiti. Maneno yatakuwa mengi. Kila mara utayasadiki kwanza, bila kuniuliza?"

Hemed aliuzungusha waya vidoleni. Kanini alimpenda kwa kule kuwaza kwanza, maana angeweza kuapa haraka, kama wanavyofanya wanaume wengi, na kiapo cha haraka ni cha kujiondolea lawama tu.

"Nilikuumiza," alisema mwishowe. "Sikukuuliza hata neno moja, na neno moja lingetosha. Kuanzia leo nitauliza. Hata nikiwa na hasira nitauliza. Ukiona sikuuliza, niache."

"Bado nimekasirika."

"Kasirika. Nitangoja."

"Unaweza kuachilia waya sasa. Nilikwisha kufunga."

Hakuachilia mara moja. Kanini akageuza uso asionekane akitabasamu.

Jumamosi gari moshi liliondoka bila Bi Mgeni. Na Jumapili Kanini hakwenda Parklands kula, maana Parklands ndiyo iliyokuja Kabiria, nyumbani kwa Kivuva. Walifika baada ya kanisa, Bi Mgeni katika buibui jipya, Hemed amebeba chungu cha pilau. Naye Mwalimu Taib wa chuo cha Kurani cha mjini alifuata nyuma, kiatu kimoja kimejaa tope. Mzee Kivuva alitoa viti vyote vya nyumba na viwili vya jirani.

"Mzee mwenzangu," alianza Bi Mgeni, "nimekuja na mambo mawili. La kwanza ni radhi. Nilimdhania binti yako ubaya akiwa anataka nisife. La pili utalisikia ukinipa la kwanza."

"La kwanza limepita, mama," alisema Kivuva. "Tuambie la pili."

"La pili ni posa. Mwalimu hapa amesema dini haizuii. Binti abaki na kanisa lake, hatutamgusa. Mwanangu namjua. Ana moyo mzuri na masikio mabovu."

Watu wakacheka. Hemed aliinamisha kichwa.

"Mimi sina neno," alisema Kivuva. "Lakini kwetu anaulizwa mwenyewe. Kanini, umesikia. Unamtaka huyu?"

Kanini alisimama mlangoni, leo katika gauni la maua, mikono haijui pa kukaa. Ijumaa usiku alijiambia atamngojesha Hemed mpaka Krismasi. Sasa alimtazama pale kitini, kijana wa watu, jasho linamtoka, hapepesi macho, naye akaona hasira yote imekwisha na kilichobaki ni kumpenda. Kiswahili chote kikamkimbia, akajibu kwa lugha ya mama yake.

"Ii."

Bi Mgeni aliruka kama aliyeguswa na birika.

"Amesema hii? Hii nini? Anakataa?"

"Ngoja, mama," alisema Hemed. Uso ulikuwa umemsawijika kwa hofu, lakini alisimama, akavuka chumba mbele ya wazee wote mpaka alipokuwa karibu na Kanini, akamwuliza kwa sauti ndogo:

"Kanini, umesema nini?"

Kanini alianza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Nimesema ndiyo," alisema. "Kwetu hiyo ni ndiyo."