Sauti Iliyogoma

Kila siku vipindi vilipokwisha, Chiriku na Kimya walipangusa meza za chumba cha kompyuta, kisha wakaketi bega kwa bega mbele ya kompyuta moja. Wenzao ndio waliowabandika majina hayo: msichana kwa sababu mdomo wake haukupumzika, mvulana kwa sababu wake haukuchoka kupumzika.

Walikuwa wakiandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Kazi yake ilikuwa kumsomea maswali kwa sauti binti wa fundi cherehani, mwanafunzi mwenzao asiyeona vizuri. Kila mtihani ulimkuta pua imegusa karatasi, na muda uliisha akiwa nusu ya njia. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amemwahidi kwamba Ijumaa angefanya jaribio la hisabati kwa masikio.

"Hatuandiki kila kitu wenyewe," Mwalimu aliwaeleza mapema. "Tumeazima vifurushi viwili vya programu vilivyoandikwa na watu wengine. Kimoja hutoa sauti. Kingine husoma maandishi, nacho humtegemea mwenzake. Kwenye faili la mradi tumeandika jina na toleo la kila kimoja, ili kompyuta ijue ichukue kipi. Msiguse hapo bila kuniambia."

Alhamisi, Kimya alipotoka kunywa maji, Chiriku aliona mtandaoni kwamba kifurushi cha sauti kimepata toleo jipya, lenye sauti laini kama ya mtangazaji. Kipya kinyemi! Akafungua faili, akabadilisha namba ya toleo, akahifadhi. Kabla hajajaribu, kengele ililia, akakimbilia nyumbani. Kimya ndiye aliyerudi kuzima kompyuta.

Kesho yake binti wa fundi alivaa vipokea sauti masikioni, akatabasamu, akasubiri. Mwalimu akaiamuru kompyuta iijenge programu, yaani iiunganishe na vifurushi vyake. Skrini ikajaa mistari myekundu.

"Mbona sisikii kitu?" binti aliuliza. "Au na masikio nayo yameanza?"

Hakuna aliyecheka.

"Jana nani alikuwa wa mwisho hapa?" Mwalimu akauliza.

"Kimya," Chiriku akaropoka.

"Mimi niliizima tu, Mwalimu."

"Nisubiri nje kidogo, tutazungumza."

Kimya akatoka kichwa chini, bila kumtazama mtu. Binti akavua vipokea sauti, akavuta karatasi na kuiinamia tena kama siku zote. Chiriku akainuka kitini. Maneno, ambayo hayakuwahi kumpiga chenga, sasa yalikataa kutoka.

"Mwalimu," hatimaye alisema, "Kimya hana kosa. Ni mimi. Nilibadilisha toleo la sauti. Nilitaka isikike tamu."

Mwalimu aliisogelea kompyuta. "Toleo la zamani lilikuwa namba ngapi?"

"Sikumbuki."

"Basi mwite mwenzako. Na umwambie mwenyewe."

Chiriku akatoka, akamweleza yote na kumwomba radhi.  Kimya aliingia, akaketi, akaandika namba ya zamani, aliyoikariri, bila kusita.

"Mnaona?" Mwalimu alisema. "Toleo jipya limebadilisha majina ya amri zake. Kile kinachosoma kiliita jina la zamani, na hapakuwa na wa kuitika."

Safari hii mistari myekundu haikutokea. Sauti ilisikika nzito, kama ya mtu mwenye mafua, lakini binti alijibu swali la mwisho kabla ya muda kwisha. Akaomba aisikie tena, hivi hivi tu, kwa raha zake.

"Siku nyingine," Kimya alimnong'oneza Chiriku, "ropoka makosa yako, yangu niachie."

Mwalimu alicheka, kisha akawageukia wote wawili.

"Kutaka kitu kizuri si kosa, wanangu. Lakini kitu kinachotegemewa na wengine hakibadilishwi kimyakimya. Na ukikosea, sema mapema. Kosa likisemwa, hurekebishwa. Likifichwa, humwangukia asiye na hatia. Programu inasimama kwa vifurushi vinavyoelewana. Sisi watu tunasimama kwa kuambiana ukweli."