Fundi Vigae Hapati Nyumba

Ko, ko, ko. Fundi vigae alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa watu, anagonga sakafu kwa sarafu, sikio chini.

"Kigae hiki kina uwazi chini. Na hiki. Nyumba hii siitaki."

Dalali akamtazama Nesi, mchumba wa Fundi. Nesi akatazama dari. Nyumba zote walizozunguka zilikataliwa kwa magoti yale yale.

"Kaka, kwa bei ya mtaa huu wa pembeni, unataka sakafu ya ikulu?" dalali akauliza.

"Nataka kama za kule mlimani. Kule nimeweka mwenyewe."

"Hapa, kwa mishahara yenu miwili, mtalipa miaka kumi huku mnakula. Kule mlimani, msile wala msivae, watamalizia wajukuu."

"Wajukuu gani?" Nesi akadakia. "Ndoa yenyewe inasubiri nyumba."

Hapo ndipo palipomuuma. Pete ilishamwachia alama kidoleni, na bwana ameapa hafungi ndoa akiwa mpangaji. Kila wakijikusanya, bei imeshapanda. Nesi alikuwa amechoka, tena amechoka kweli.

Njiani simu ikaita. Mama yake.

"Mwanangu, gauni langu la harusi yenu nimelitanua mara mbili. Kitambaa cha kutanulia kimeisha."

"Muulize mkweo, mama."

Jioni Nesi akamtumia Fundi ujumbe: "Ile nyumba ya leo nimeiwekea arubuni kwa akiba yangu. Kesho asubuhi nipo pale. Usipokuja, pete nitampa dalali akuletee."



Asubuhi Fundi akatokea, macho mekundu, mfuko wa kazi begani. Moja kwa moja akapiga magoti.

Ko, ko.

"Unagonga tena?" Nesi akaanza kuivuta pete. "Basi, baba. Nimeshindwa."

Fundi akatoa nyundo na patasi, akang'oa kigae.

"Unafanya nini?"

"Nyumba za mlimani nimezipandisha bei kwa mikono hii. Nikimaliza kazi, hata getini siruhusiwi kusimama. Niliona aibu, mke wangu kukanyaga sakafu mbovu wakati ya wageni nimeinyoosha."

"Nani alikuambia nataka sakafu? Nataka mume. Sakafu nitaitafutia fundi."

Fundi akaweka nyundo chini. Kisha akasema, "Fundi yupo."

"Anataka kiasi gani?"

"Ndoa. Mwezi huu huu. Nitakuwa naing'oa na kuipanga kidogo kidogo, hata tukiwa tunaishi humu."

Nesi akairudisha pete mahali pake. Machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuyaficha.

Dalali akakohoa mlangoni. "Shemeji, mwambie apunguze nyundo. Hapo mmelipa arubuni tu."

Nesi akacheka, akapiga simu.

"Mama, lile gauni usilitanue tena. Lipige pasi."