Robo Saa ya Chuo Kikuu

Risasi ya kwanza ilipasua bomba la maji ya moto.

Tuovi Harju alijitupa sakafuni. Mvuke ukampita juu ya kichwa, unanuka kutu. Alikuwa chini kabisa ya jengo la chuo kikuu, mjini Tampere, kwenye vyumba vya mitambo ya umeme. Ilikuwa saa tano na nusu na dakika moja, Ijumaa ya mwezi wa tano. Alikuwa amevaa sketi ya kijivu, soksi za sufu alizofuma mwenyewe, na viatu vya kukimbilia, maana alijua siku hiyo atakimbia.

Asubuhi simu yake ya Nokia ilikuwa imeleta maneno matatu kutoka kwa mkubwa wake kazini, Kapteni Osmo.

*Karamu ina wageni.*

Maana yake, wauaji wameingia mjini.

Risasi ya pili ikachimba ukuta.

Ya tatu haikutoka.

Tuovi alimsikia mtu akitukana kwa sauti ya chini, akihangaika na bastola iliyokwama. Hakungoja aimalize kazi hiyo. Alikimbia ameinama, akamgonga tumboni kwa kichwa. Wakaanguka wote. Jamaa alikuwa mnene, amevaa ovaroli ya fundi umeme ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Akamkaba Tuovi koo kwa mikono miwili. Tuovi akaona nyota. Mkono wake ukapapasa kiunoni, ukakipata kisu cha mpini wa mbao alichoachiwa na baba yake.

Akakizamisha chini ya kwapa la jamaa. Akakichomoa. Akakizamisha tena.

Mikono ikalegea kooni.

Tuovi akaketi, akakohoa, akajitazama miguuni. Damu ilikuwa imelowesha mpaka vifundoni.

"Soksi zangu jamani," akasema.

Akamsachi. Mkobani mlikuwa na sanduku la miwani ya kuonea gizani. Nafasi mbili, miwani moja tu; akaichukua. Mfukoni mlikuwa na simu ya Samsung. Tuovi akachukua kidole gumba cha maiti, akakigusisha kwenye kioo. Simu ikafunguka.

*Utetezi ni saa sita. Saa sita na dakika tano zima taa zote, sekunde kumi na tano. Mwanamke atakuwa mimbarini. Nitamaliza mimi.*

Akausoma ujumbe mara mbili, pole pole. Halafu akacheka mpaka koo likamuuma.

Akabonyeza redio.

"Ziwa, hapa Msonobari."

"Sema," akajibu Kapteni Osmo.

"Mmoja amelala. Wa pili yuko ukumbini."

"Sura yake?"

"Siijui."

"Basi tunafuta shughuli. Mtoe binti sasa hivi."

"Usifute, mkubwa. Wamepanga saa sita na dakika tano."

Kisha Kapteni Osmo naye akaangua kicheko.

"Saa sita na dakika tano! Hawa hawajasoma hapa."

"Mwagize mwenzetu Lasse aje kwenye swichi. Muda huo huo azime taa, kama wenyewe walivyotaka, na huyo wa pili atajitokeza mwenyewe."

"Una wazimu, mama."

"Sekunde kumi na tano. Zisizidi."

Katika vyuo vikuu vya nchi ile, saa sita ikibandikwa mlangoni, shughuli huanza saa sita na robo. Maprofesa wa zamani waliiweka hiyo robo ili mtu apate kutembea kutoka darasa moja hadi jingine, anywe na kahawa. Mwanafunzi huijua wiki yake ya kwanza. Haimo kwenye tangazo.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na chumba kidogo chenye kioo na meza. Venla Koskimies alikuwa humo, amevaa suti nyeusi, nywele zimebanwa vizuri, midomo mikavu. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Binti huyo aliweza kuitambua meli kwa mlio wa injini yake chini ya maji, hata ikiwa imezima taa na kubadili jina. Wapo wafanya magendo waliokuwa wakikata nyaya za mawasiliano chini ya Bahari ya Baltiki, wakilipwa na watu wa nje, na usingizi uliwaisha waliposikia habari zake. Jumatatu angeanza kazi na walinzi wa pwani.

Kitabu chake cha udaktari, ambacho leo angekitetea mbele ya watu, kilikwisha kuchapwa. Lakini kitabu hakina masikio. Masikio alikuwa nayo yeye.

"Unaweza kuahirisha, binti," Tuovi akamwambia. "Yupo mtu humo ndani amekuja kukuua."

Venla akatikisa kichwa. "Miaka kumi na miwili, mama. Nilianzia chuo cha ufundi, miaka minne nashika bisibisi. Kule wanakufikisha shahada ya pili, basi, udaktari hawatoi. Nikaenda kazini. Nikaomba kuingia huku, wakanipa mwaka mzima wa masomo ya kuziba pengo, kama vile sikuwahi kuona kitabu. Leo ndiyo mlango wenyewe. Mimi siondoki."

"Tufunge basi milango, waingie tunaowajua."

"Haiwezekani," akasema Profesa Tuomaala, msimamizi wake, mzee mwembamba aliyekuwa akipangusa kofia yake ndefu nyeusi ya udaktari kwa mkono wa koti. "Utetezi ni wa hadhara. Hata mlevi wa sokoni akitaka kuingia, ataingia. Ukifunga mlango, si halali."

"Haya. Lakini mtatoka saa sita na robo kamili. Hata nusu dakika kabla, hapana."

Profesa akamtazama kama aliyetukanwa. "Mama, nina miaka thelathini kwenye kazi hii. Sijawahi kutoka kabla."

Saa sita kasoro dakika mbili, Tuovi aliingia ukumbini, koti limefunika damu. Ukumbi ulikuwa chini ya ardhi, hauna dirisha hata moja. Viti mia na ishirini, watu saba. Wanafunzi wawili walikuwa wakila mikate ya iliki. Mstari wa pili aliketi Bibi Hilja, nyanya yake Venla, na bati la keki mapajani na chupa ya kahawa ubavuni. Mbele yake, mstari wa kwanza, palikuwa na mwanamume wa suti ya bluu aliyenyoosha mgongo, akiitazama saa yake ya Omega kila baada ya muda mfupi.

Tuovi akaketi safu tatu nyuma yao.

"Umewahi, kijana," Bibi Hilja akamwambia yule bwana.

"Saa sita imefika, bibi."

"Imefika wapi! Kunywa kahawa kwanza. Na wewe msomi?"

"Daktari. Dakta Lindgren."

"Hongera. Umeupatia wapi huo udaktari?"

"Chuo cha ufundi, kule pwani."

Bibi Hilja akaacha kumimina. "Chuo cha ufundi? Mjukuu wangu katoka huko. Hawatoi udaktari huko, baba. Labda ulipewa na fundi bomba."

Wanafunzi wakacheka, makombo yakawatoka mdomoni. Bwana akatabasamu bila kuonyesha meno. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya koti, na haukutoka.

Tuovi akainuka taratibu. Akasogea safu moja mbele. Kisha nyingine.

Saa sita na dakika nne.

Bibi alikuwa karibu mno na yule mtu. Bastola yake Tuovi, Glock, ilikuwa chini ya koti, lakini hapo asingeweza kuitumia.

Saa sita na dakika tano.

Giza.

Tuovi akavaa miwani. Dunia ikageuka kijani. Bwana alikwisha simama. Alikuwa amevaa miwani kama ile, na bastola ndefu yenye kizuia sauti imeelekezwa mimbarini.

Mimbarini hapakuwa na mtu.

Akageuza kichwa kushoto, kulia, kushoto tena. Mdomo wazi.

"Bado dakika kumi, Dakta," Tuovi, aliyekwisha kumpita Bibi, akamnong'oneza sikioni.

Jamaa akageuka, akafyatua. Risasi ikauchana mkono wa kushoto wa Tuovi. Tuovi akaushika ule mkono wenye bastola, akaushusha kwa nguvu kwenye ukingo wa kiti. Mfupa ukalia. Bastola ikaanguka. Jamaa akampiga ngumi ya uso, ya pili ya mbavu, miwani ya Tuovi ikaruka, akabaki hana macho.

"Nani ananisukuma?" akafoka Bibi Hilja gizani. "Mna adabu nyie?"

Chupa yake ya kahawa ikammwagikia aliyekuwa akihema mbele yake. Jamaa akapiga yowe. Tuovi akalifuata yowe, akaikamata tai, akamburura kupitia mlango wa pembeni na kuubamiza.

Taa zikawaka. Wanafunzi wakapiga makofi.

"Yule daktari kaenda wapi?" akauliza Bibi Hilja. "Na kahawa yangu kaimaliza yote."

Nyuma ya mlango palikuwa na ngazi za chuma. Uso wa jamaa ulikuwa umeiva kwa kahawa. Akachomoa wembe kwa mkono uliobaki.

"Nchi gani hii?" akasema, anatema damu. "Chuo hakina ada, mlango hauna mlinzi."

"Mlinzi ni mimi."

Akamrukia. Wembe ukapasua koti. Tuovi akakwepa, akaivuta tai chini kwa uzito wake wote, na paji la uso la jamaa likagonga chuma cha kushikilia ngazi. Akamgonga tena. Na tena. Alipomwachia, jamaa akaporomoka vidato tisa, shingo ikakunjika vibaya chini, na hakuinuka.

Saa sita na dakika kumi na moja.

Tuovi akamburura hadi chini ya ngazi, akamfunika kwa turubai la kinanda kikuukuu kilichohifadhiwa hapo. Akajifunga mkono kwa skafu yake, akaikaza kwa meno. Kutoka ukumbini zikasikika nyayo nyingi, viti vinagongana, watu wanasalimiana. Sasa ndiyo walikuwa wanafika.

Saa sita na robo kamili mlango wa kile chumba kidogo ukafunguka.

Venla akatangulia. Nyuma yake Profesa Tuomaala, kisha mpinzani, yaani msomi wa kumhoji Venla, mama mrefu aliyekuja kutoka chuo kikuu cha kaskazini, hao wawili kila mmoja na kofia mkononi. Walipita mbele ya Tuovi, aliyekuwa amerudi ukumbini, bila neno, kama inavyotakiwa. Venla aliona tone la damu sakafuni. Hatua yake ikasita.

Tuovi akaliwekea mguu juu.

"Nenda, binti. Kumetulia."

Watu mia na ushee wakasimama kwa pamoja. Venla akapanda mimbarini, akakunjua karatasi zake, sauti ikatetemeka mstari mmoja tu. Kisha akabonyeza kitufe, na mlio wa injini ya meli ukaujaza ukumbi, mzito, wa chini ya maji. Akaitaja meli ile kwa jina lake la kweli.

Tuovi akapanda ngazi mpaka nje, kwenye jua. Redio ikakwaruza.

"Msonobari, hali?"

"Wawili wamelala. Binti anasoma."

"Huyo wa pili ulimjuaje?"

Tuovi akavuka barabara kuelekea sokoni, ambako harufu ya soseji nyeusi ilikuwa ikimwita.

"Alifika kwa wakati," akasema, akaizima redio.